Maranda Uliyoyafagia Mwenyewe

Fundi wangu,

Kwa masikitiko makubwa, na kwa niaba ya wafanyakazi wote wa karakana (yaani mimi), napenda kukutangazia rasmi kifo cha stuli yako ya miguu mitatu, kilichotokea juzi Jumanne saa nne asubuhi hapa hapa Geita. Marehemu alikuwa akisumbuliwa na mguu mmoja kwa muda mrefu. Chanzo cha kifo ni makalio yangu. Mke wangu, Mama Limi, alipopata taarifa aliuliza kwanza kama stuli ilipata nafasi ya kutubu, ndipo akakumbuka kuniuliza kama nimeumia. Mabaki yalipelekwa jikoni kwa mjane wako, Mama Kulwa, na yakaivisha maharage siku ile ile, kwa hiyo ratiba ya mazishi haipo. Maharage yalikuwa matamu.

Shikamoo, Fundi. Nimeanza na stuli kwa sababu sikujua nianzie wapi. Najua huwezi kuitikia, na siku hizi nashukuru, maana sijui kama ningetaka kuisikia marahaba yako.

Habari nyingine ni hizi. Mama Kulwa hajambo. Kulwa na Doto walikaa naye hadi msiba ukaisha, kisha kila mmoja akarudi kwake. Mahindi ya kijijini kwako Didia yalikauka kabla ya kubeba, ila mtama umesimama vizuri, unaonekana hata ukiwa kaburini kwako. Redio yako bado iko kwenye kile kishubaka juu ya tanuru. Sijaiwasha tangu ulipokwenda. Mwanzoni ilikuwa heshima. Sasa ni hasira, na nitakueleza.

Unakumbuka nilivyokuja kwako? Nilikuwa na miaka thelathini na mitano, watoto watatu, na misimu miwili ya pamba iliyonigomea kule Kishapu. Watu wa umri wangu walikuwa wanakuwa mafundi wakuu, mimi naomba kuwa mwanafunzi. Ulinishika kiganja ukakigeuza huku na huku kama mtu anayechagua kiazi sokoni. Ukasema, "Huu si mkono, ng'wanawane, mwanangu. Hili ni jembe." Tangu siku ile mtaa mzima nyuma ya soko hakuna aliyeniita Maganga. Hata wateja. Hata padri aliwahi kuniuliza, "Jembe, watoto hawajambo?"

Sikukasirika. Lilikuwa jina zuri kwa sababu lilitoka kwako, na wewe ulikuwa umejifunza kazi mgodini Mwadui enzi zile, ukiwa kijana, na hapakuwa na mtu mwingine kuanzia Kahama mpaka huku anayeweza kuchonga mihuri ya masonara. Ndivyo tulivyoamini, na nadhani ilikuwa kweli. Kipande cha chuma kisichozidi kidole cha mtoto, na kwenye ncha yake alama ndogo sana ambayo sonara ataigonga ndani ya pete ili watu wajue ni kazi ya nani. Chuma chenyewe kimekomazwa: kimechomwa kikawa chekundu, kikazimwa kwenye oili, kikawa kigumu kupita tupa. Na ni lazima uchonge kikiwa kigumu tayari, kwa sababu ukichonga kwanza ukachoma baadaye, moto unaikunja ile mistari myembamba.

Na ile mashine yetu ya kunakili! Upande mmoja unafuatisha kwa kalamu ya chuma mchoro mkubwa wa shaba, upande wa pili kisu kinazunguka na kuchonga umbo lile lile, dogo mara kumi, juu ya chuma. Mkono wako ndio unaoamua kisu kiende kwa kasi gani. Kisu kina unene wa nusu milimita. Visu vinne kama hicho vingekaa sambamba juu ya njiti moja ya kiberiti.

Siku ya kwanza uliyoniruhusu kukigusa ulinisimamia begani. "Polepole, Jembe. Mbembeleze. Chuma kigumu ni mgonjwa aliyelala, usimwamshe."

Nikaenda polepole. Kisu kikaanza kulia, sauti nyembamba, kama mbu sikioni. Kisha, tik. Kimekatika.

"Umemwamsha," ukasema.

Nikacheka. Wewe ukacheka. Wiki iliyofuata nikaenda polepole zaidi, nikishikilia pumzi, na kikakatika mapema zaidi. "Umemwamsha tena. Mkono wa mkulima huo, usijilaumu." Miaka kumi na minne, Fundi. Kila baada ya miezi michache nilijaribu, nilivunja, tulicheka. Kwenye shaba niliweza, kwa sababu shaba ni mpole, inakubali chochote. Ndiyo maana ukinionyesha, ulinionyesha kwenye shaba. Chuma kigumu ulichonga mwenyewe, na kila ulipotaka kuanza mistari ya mwisho, kazi ilipatikana nje. "Hebu kaangalie kama mkaa umefika." "Hebu kamuulize yule mama kama chai iko tayari." Na mimi nilikwenda. Mwanaume mwenye kipara na wajukuu njiani, natumwa chai, nakwenda. Nikirudi, redio iko juu, kwaya inaimba mpaka mabati yanatetemeka, na wewe umeinama, mgongo wako mpana kama mlango uliofungwa.

Halafu ule ufagio.

Karakana zote za Geita fundi mkuu akimaliza kazi anaacha uchafu wake, mdogo wake anafagia. Wewe hukumruhusu mtu. Ulichukua brashi ile ya kupakia rangi, ukakusanya maranda ya chuma chini ya mashine, mpaka chembe ya mwisho, ukayatia kwenye kopo la maziwa ya unga ukaondoka nayo kwapani kwenda nyumbani. Siku nilipoitumia mimi ulinifagilia pia, ukayatupa maranda yangu nje. Watu walikusifu. Mimi nilikusifu kuliko wote. Katekista alilitaja siku ya maziko, kwamba hapa amelala mtu mkubwa ambaye hakuona aibu kushika ufagio. Nililia kwa kwikwi hapo.

Nami nilisimama. Pengine ulisikia. Nilisimama mbele ya watu wote wa Didia na nusu ya Geita, suruali ikiwa imenibana, nikasema, "Fundi alikuwa baba yangu. Hakunificha kitu." Watu wakaitikia kwa kuguna vile wanavyogunia neno la kweli.

Sasa nikukumbushe lile jambo la Kahama. Mwaka ule walipofungua karakana kubwa kule, wakanitumia mtu kuniuliza kama ningependa kwenda kufanya kazi za mihuri na vifaa vidogo. Nilikuja kukuomba ushauri. Uliweka kikombe chini, ukanitazama kwa huruma. Huruma, Fundi! Ukasema, "Huko watakucheka, Jembe. Watakupa chuma kigumu siku ya kwanza, na utawavunjia. Hapa mimi nakusitiri." Nikamwambia yule mtu kwamba mkono wangu ni mzito. Nilimwambia mwenyewe, kwa mdomo wangu, na nikarudi kukushukuru.

Hilo la kunisitiri ndilo linalonirudia kila nikinywa chai.

Ulipougua uliacha kazi moja mezani. Muhuri wa Mama Zuwena, yule sonara wa karibu na msikiti. Alitaka njiwa aliyekunjua mbawa, manyoya yaonekane. Ulikuwa umemaliza kichwa, mkia na bawa la kushoto. Bawa la kulia hapakuwa na kitu, chuma kitupu kinang'aa. Wiki tatu baada ya msiba alikuja, akatoa pole tena, akakaa kwenye stuli (alikaa, haikuvunjika, nakiri), akasema, "Baba Limi, mimi siwezi kugonga pete kwa njiwa wa bawa moja. Kama mkono haukubali, sema tu, nitaupeleka mbali, wala sitakusema vibaya." Akaniachia na lenzi yake ya kazi nimtazame ndege vizuri.

Angenitukana ingekuwa nafuu. Nilijua akiondoka na ule muhuri, masonara wengine watafuata, na jina la karakana litabaki kwenye kunoa mapanga na kuchomelea mageti. Na mimi nitajulikana kwa uhakika kuwa nilivyoambiwa ndivyo nilivyo. Nikamwomba wiki mbili.

Kwenye kisanduku chako palikuwa na visu vinne. Vingine vingechukua zaidi ya mwezi kufika. Nikafanya kila ulichonifundisha. Nilimbembeleza yule mgonjwa. Nilikwenda polepole mpaka misuli ya shingo ikakakamaa, nikawa natoka jasho kwenye masikio, sehemu ambayo sikujua kuwa inatoa jasho. Tik. Siku ya pili, tik. Siku ya tatu nilimwomba Mama Limi aniombee, na alifunga kabisa, hata uji hakunywa. Tik. Bawa la kulia likawa na mikwaruzo mitatu kama mtu aliyeparuzwa na paka.

Kikabaki kisu kimoja.

Jumamosi yake Mama Kulwa akaja na mkokoteni wa kukodi. Juu yake makopo kumi na tisa ya maziwa ya unga. Akasema, "Baba Limi, haya mavumbi ya mwenzako yamejaa uvungu wa kitanda mpaka miguu yangu haina pa kukaa. Yachukue au nayamwaga shimoni." Nikayapokea kwa mikono miwili kama masalia ya mtakatifu. Nikafungua moja, nikachota kidogo kwenye karatasi nyeupe. Na kwa kuwa lenzi ya Mama Zuwena ilikuwa mfukoni, nikatazama.

Nilitarajia vumbi. Maranda yangu siku zote ni vumbi, unga mweusi unaopaka vidole, hilo nalijua hata bila lenzi. Yako hayakuwa vumbi. Yalikuwa yamejikunja. Vipande vidogo sana, safi, kila kimoja kimejikunja kama ukucha wa mtoto mchanga, vingine vina rangi ya bluu ya moto. Nikafungua kopo la pili. La tano. La kumi na tisa. Yote.

Nilielewa jambo moja tu pale: kwamba ulikuwa unafanya kitu tofauti na ulichonifundisha, na ulijua kuwa maranda yangekusema. Ndiyo maana ya ufagio. Ndiyo maana ya redio, ili nisisikie sauti ya kisu chako. Ndiyo maana ya mkaa na chai.

Nilimuuliza Mama Kulwa. Alifunga upya kitenge chake, kisha akasema hakupenda tangu mwanzo. Kabla yangu alikuwepo Shija. Ulimfundisha yote, akafungua karakana ng'ambo ya barabara, wateja wako wakavuka barabara pamoja naye, na wewe ukaugua miezi mitatu bila homa. Mpaka alipohamia kwingine ndipo ulipopata nafuu. Ukaapa hutamfundisha mtu mwingine yote. Alisema aliwahi kukuuliza, "Na Jembe je?" Ukamjibu, "Jembe akijua ataondoka, na mimi nimezeeka."

Ningekuwa nimeondoka, Fundi? Wewe ulidhani unanijua? Mimi ambaye nilikunyoa hospitali! Mimi niliyekubebea ndoo ya...

Basi. Nimeweka kalamu chini, nimezunguka nyumba, nimerudi.

Watu wakiniuliza leo nilimalizaje bawa la kulia, nina hadithi mbili. Mama Zuwena nilimwambia kuwa uliniita karibu na kitanda cha hospitali siku ile ya mwisho, ukaninong'oneza siri, ukanishika mkono. Alitokwa machozi. Imesambaa sasa, hata Mama Kulwa ameisikia, wala hakuikanusha. Hadithi ya pili ninawapa mafundi wenzangu: kwamba niliyasoma yale maranda kwa lenzi kama daktari, nikapiga hesabu, nikagundua. Hiyo nayo wanaipenda. Inanifanya nionekane msomi.

Kilichotokea kweli ni hiki, na ni wewe tu ninayekuandikia.

Jumapili ile sikwenda kanisani. Nilimwambia Mama Limi tumbo linanisumbua, naye akanitazama tumbo akasema limekuwa likisumbua watu wengi. Nikaja karakana peke yangu. Sikuja kuchonga. Nilikuja kukivunja kile kisu cha nne. Kilikuwa cha mwisho ulichokishika, kwenye kisanduku chako, chenye mwandiko wako, na mimi nilitaka kisiwepo. Nilikuwa nalia, makamasi yananitoka, mtu mzima. Nikafunga muhuri mashineni, nikakaa kwenye stuli yako, nikawasha mashine, nikasema kwa sauti, "Leo namwamsha." Nikausukuma ule mkono wa mashine kwa hasira. Sikubembeleza. Niliusukuma kama ninavyosukuma punda.

Nikangoja ile tik.

Haikuja. Badala ya ule mlio wa mbu ikaja sauti nyingine, ssss, ya chini, tulivu, kama mafuta kwenye kikaango. Kalamu ikapita unyoya mzima wa kwanza. Nikaogopa, nikapunguza kidogo, na mbu akaanza kulia palepale. Nikasukuma tena, akanyamaza. Nikaenda hivyo, unyoya wa pili, wa tatu, kwa mkono ule ule ambao wewe uliniambia hauna thamani, mpaka bawa likaisha. Nikazima. Nikapiga magoti sakafuni nikatafuta maranda. Yalikuwa yamejikunja.

Ndipo nikalitazama lile jambo polepole, maana polepole ndiyo uliyonifunza. Makali ya kisu, hata kiwe kikali vipi, ukiyatazama kwa lenzi yana mviringo kama ukingo wa sahani. Ukikipa kisu chuma kidogo kuliko mviringo huo, hakikati. Kinateleza juu, kinakandamiza, kinasugua, na chuma kinarudisha nguvu yote kwenye kile kiuno chembamba, mpaka kinakatika. Ukikipa cha kutosha kuuma, kinauma, kinatoa ganda, kinapumua. Upole ndio uliokuwa unavivunja. Miaka kumi na minne nimekuwa nikivivunja kwa kukutii.

Na unajua kinachoniuma kuliko vyote? Nilikuwa nalijua. Mtoto wa Kishapu mimi. Nilikuwa na miaka minane nilipofundishwa kwamba ardhi ile ya kiangazi ukiigusa kwa woga jembe linateleza, na maumivu yote yanakuja kwenye kiwiko. Unapiga kwa kuamua, donge linang'oka. Ungeniacha nishike kisu kama nilivyokuwa nashika jembe, ningejua siku ya kwanza. Ulikitazama kiganja changu, ukakigeuza huku na huku, na ukaona. Naamini uliona. Ndipo ukaniambia ni kibaya.

Mama Limi anasema yale makopo uliniwekea mimi, kwamba mtu anayeficha kabisa angetupa shimoni. Mimi nasema hukuwahi kutupa kitu chako, hata misumari iliyopinda. Sitakupa faida hiyo. Bado.

Mama Zuwena alipokuja alitazama kwa lenzi muda mrefu, akauliza bawa lipi ni lako. Sikumwambia. Ulilochonga wewe ni zuri zaidi, kama unataka kujua. Langu lina mikwaruzo mitatu ya paka ambayo manyoya hayakuifunika yote, na mwanzoni mwa unyoya wa pili pana kijidoa mahali nilipoogopa.

Sitaisahihisha ile hadithi ya hospitali. Acha Didia wakukumbuke hivyo. Lakini mambo haya nakuahidi, na hayana mzaha. Redio itakaa kimya kisu kikiwa kazini. Maranda yangu yatabaki juu ya meza kutwa nzima, na lenzi kando yake, ayatazame anayetaka, na akitaka kuvuka barabara na akili yake avuke. Nitamletea Mama Kulwa kuni, kila wiki, kama ulivyofanya. Na mtama ukishavunwa nitakuja kupalilia kaburi lako. Nitakuja nimenyamaza, kwa sababu nikifungua mdomo sijui kitakachotoka.

Kisu cha nne hakikuvunjika. Kiko kwenye kisanduku chako, na mwandiko wako sijaufuta.

Lala, Fundi. Jina nabaki nalo. Lilikuwa la kweli tangu siku ya kwanza, ila hukuniambia kuwa ni sifa.

Jembe